Kiti Namba Kumi na Saba

Mimi ni Oddvar, mtunza stoo wa ukumbi wa jiji.
Viti mia tano na sita vimo mikononi mwangu,
hiki kinachechemea, hiki mgongo umelegea,
na hiki, namba kumi na saba, msonobari, mto wa buluu,
kiliwahi kukaliwa na mtu asiyekuwepo.

Mwaka ule ilitolewa tuzo ya amani.
Mshindi alikuwa mwalimu wa jiografia,
mfungwa, katika nchi nisiyoitaja jina
kwa kuwa bado tunaiuzia samaki.
Nikaagizwa: weka kiti, asikalie mtu.
Nikakipangusa. Nikaweka na bilauri ya maji.
Watu wakasimama, wakapiga makofi dakika nne
(nilitazama saa),
mama mmoja mwenye lulu shingoni akalia kweli,
kisha wote wakageuka kutafuta makoti.

Jumatatu samaki wetu wakaugua.
Hawakuugua majini, waliugua kwenye karatasi.
Dada yangu Solbjørg, kaskazini, kiwandani,
akasikia: samoni wenu wana mdudu.
Mdudu gani?
Tunachunguza.
Hadi lini?
Hadi apatikane.
Makontena kumi na moja yakangoja gatini ugenini,
barafu ikatoka jasho, jasho likawa harufu,
harufu ikawa hasara,
na Solbjørg akabakiziwa Jumanne na Alhamisi.
"Huyo mwalimu wenu," akaniambia kwenye simu,
"kaula mshahara wangu, na minofu hakuionja."
Nikanyamaza. Ningemwambia nini?
Kwamba naye huko aliko hapimiwi kwa kilo?

Wahenga walisema biashara haigombi.
Ni kweli, haigombi. Hununa tu,
na nuno lake huandikwa kwa dola.

Mwaka wa kwanza waziri akasema: msimamo wetu haubadiliki.
Wa pili: msimamo wetu ni kusikilizana.
Wa tatu: tunaheshimu msimamo wa mwenzetu.
Wa nne akaulizwa tena.
Msimamo gani? akasema, akatafuta miwani.

Samaki nao wakajifunza kupita mlango wa uani.
Walishushwa nchi ya jirani, wakabadilishiwa boksi,
wakavuka mpaka kwa jina jipya, wazima wa afya.
Binadamu yule hakuruhusiwa hata pasi moja;
samoni walikuwa nazo mbili.

Mwaka wa saba mdudu akapona.
Hakutibiwa kwa dawa, alitibiwa kwa wino:
kurasa mbili, aya nane,
na neno "haki" mara moja tu,
katika "haki zote za chapa zimehifadhiwa."

Wakafanya karamu, ukumbini kwetu.
Saa moja kasoro, Ragnhild wa itifaki akashuka ngazi mbiombio:
Oddvar, kimepungua kiti kimoja!
Kilikuwepo, nyuma ya boila, nimekifunika shuka.
Hakuna aliyeniagiza kukifunika.
Hakuna aliyenikataza kukifunua.

Akakikalia mgeni mmoja, mkaguzi wa afya ya samaki,
mtu mpole, amechoka kwa safari, viatu vinambana.
Akaomba maji. Nikampa.
Akapapasa mkono wa kiti, akatabasamu:
kiti kizuri hiki, kama kipya.
Hakijatumika sana, mheshimiwa.
Akacheka. Nami nikacheka, ndiyo kazi.
Wakala samoni kwa bizari na viazi vidogo,
wakapiga makofi. Sikutazama saa.

Solbjørg sasa anafanya kazi wiki nzima.
Krismasi alinitumia ubavu mzima wa samaki,
nikaula wote, nikalamba vidole.
Ulikuwa mtamu. Ningependa kusema uliniganda kooni,
lakini ulikuwa mtamu.

Ila usiku ule wa karamu, wageni walipoondoka,
nilikibeba namba kumi na saba hadi stoo.
Mto ulikuwa na vuguvugu.
Miaka yote ile haujawahi kuwa na vuguvugu.
Nikaweka kiganja juu yake,
taa nimeshazizima,
nikangoja upoe.